Mguu wa Fundi Brashi

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na jua lilikuwa kali bila upepo. Mbele ya duka la vifaa vya kusikia, baina ya muuza magodoro na kinyozi, lilikuwa limejengwa jukwaa la mbao nyepesi. Juu yake walisimama watu watatu: Meneja wa duka, aliyevaa suti na kutokwa jasho kwa heshima, Shangazi, dada wa fundi mmoja wa mtaani, aliyevaa kama mama wa bibi harusi, na mpwa wake, binti wa miaka kumi na tisa, aliyetazama juu ya vichwa vya watu kama abiria anayesubiri basi.

Binti huyo alizaliwa kiziwi. Waogeleaji wenzake walimwita Mota kwa sababu ya miguu yake, na jina hilo liliwafuata wazazi wake hadi sokoni. Mwezi huo alikuwa ameshinda mchujo wa viziwi wa mita mia moja, na mwezi uliofuata alitazamiwa kwenda ng'ambo kushindana na viziwi wa mataifa mengine. Gazeti liliandika habari hiyo kwa mistari michache chini ya ukurasa. Meneja aliisoma, akaona ndani yake kitu ambacho mwandishi hakukiona: tangazo.

Mpango ulikuwa rahisi. Mota angevishwa vifaa masikioni mbele ya umati. Kisha kengele ingepigwa nyuma yake, naye angegeuka. Katika mazoezi ya asubuhi ile kengele ilipigwa mpaka kinyozi akaja kulalamika, na Mota hakutikisa hata ukope. Vifaa vilimpa mngurumo mmoja tu usiokoma, kama jokofu la jirani.

"Atazoea," alisema Meneja.

"Atazoea lini, baba?" Shangazi aliuliza. "Watu wameshakaa."

Aliyeiokoa shughuli ni baba wa binti, fundi wa maandishi, aliyejulikana mtaani kama Fundi Brashi. Alichora majina ya maduka, magari na shule. Kwa miaka kadhaa mashine za kuchapa mabango zilikuwa zikimnyang'anya kazi moja baada ya nyingine, na Meneja alikuwa amemwahidi kuta za matawi yote ya kampuni. Yeye ndiye aliyembembeleza Mota asimame pale nusu saa tu, kwa ajili ya baba. Naye alijua jambo ambalo Meneja hakulijua: binti yake alipata habari nyingi kupitia nyayo.

Alisimama kwenye pembe ya jukwaa, nyuma ya pazia. Kengele ilipolia, alikanyaga ubao kwa nguvu. Mota aligeuka.

"Amesikia!" mwanamke mmoja alipiga kelele, na umati ukalipuka kwa makofi. Kinyozi alitoka mbio kushuhudia, akamwacha mteja na ndevu za upande mmoja.

"Mwulize anasikia nini," Meneja alimwambia Shangazi.

Shangazi alichezesha vidole hewani kwa namna isiyokuwa na maana katika lugha yoyote. Mota, ambaye bado alimkodolea macho baba yake, alijibu kwa ishara fupi.

"Anasema anasikia ndege wanaimba!" Shangazi alitangaza.

Hapakuwa na ndege. Mota alikuwa amesema kwamba jua linamchoma na kwamba viatu alivyoazimwa vinambana.

Mama Mota hakuwepo. Alikuwa dobi katika hoteli, na siku hiyo kulikuwa na mkutano wa wageni mia mbili, kila mmoja na shuka zake.

*

Kufikia Jumamosi ukuta mkubwa unaotazamana na kituo cha basi ulikuwa tayari. Fundi Brashi aliuchora mwenyewe, kwa rangi nne, na hakuna aliyeweza kukataa kwamba ilikuwa kazi safi. Palikuwa na uso wa Mota, sikio lake, na maandishi marefu kama mtu mzima: JANA KIZIWI. LEO NASIKIA.

Alimleta binti yake na mkewe wautazame. Mota aliutazama kwa muda, kisha akamwambia mama yake jambo kwa ishara.

"Anasemaje?" Fundi Brashi aliuliza. Katika miaka kumi na tisa alikuwa amejifunza ishara za kula, kuja, hapana na haraka, na aliamini kwamba hizo zinamtosha mzazi mwenye shughuli.

"Anasema sikio ni kubwa mno. Anafanana na sungura."

"Sikio ndilo tangazo, Mama Mota. Pua siwezi kuikuza, haiuzwi."

"Na haya maandishi? Anasikia nini huyu?"

"Ni biashara tu. Nani anayeamini ukuta?"

Ilibainika kwamba wote waliuamini. Tangu siku hiyo watu walimwita Mota kutoka nyuma, na alipopita bila kuitika walinuna. Muuza nyanya alimfikishia Mama Mota malalamiko rasmi. "Zamani alikuwa kiziwi mwenye adabu, akikuona anakupungia mkono. Sasa anasikia, na namwita mara tatu hageuki. Kweli mtu akipata kitu hubadilika." Jirani wa nyumba ya pili alikuja na redio, akaiweka karibu na shingo ya Mota, akafungulia sauti mpaka mwisho huku akimchungulia usoni kama anayepima joto la chai. Mota aliinyanyua redio, akaitazama upande wa chini, akamrudishia. Kisha alitoa vile vifaa masikioni na kuvitia ndani ya kikombe, juu ya kabati, na havikuwahi kushuka tena.

Jumatatu, Katibu wa Chama cha Waogeleaji Viziwi alishuka basi, akainua macho, na akausoma ukuta mara mbili.

*

Katibu alisikia vizuri kabisa. Hiyo ndiyo sababu alichaguliwa. Kazi nyingi za chama cha viziwi zilifanywa kwa simu, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyeweza kuzifanya, na kwa kuwa alizifanya peke yake, yeye peke yake ndiye aliyezijua. Alifahamu ishara tatu: karibu, asante na subiri. Aliyoitumia zaidi ni ya tatu.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitabu vya shule, na sakafu yake ilikuwa ya mbao. Aliwaketisha Mota na wazazi wake kwenye benchi, naye akabaki amesimama.

"Kanuni ni kanuni," alianza. "Mashindano ya viziwi ni ya viziwi. Mtu anayesikia hawezi kwenda kuwanyang'anya haki yao. Mimi kama mtetezi wa viziwi siwezi kulifumbia macho."

"Mtoto wangu hasikii, ndugu Katibu," alisema Mama Mota.

"Ukuta unasema anasikia. Tena unasema kwa herufi kubwa."

Fundi Brashi alichunguza kucha zake, ambazo bado zilikuwa na rangi.

"Na siyo kwamba mimi nina upande," Katibu aliendelea. "Aliyekuwa wa pili katika mchujo ni binti wa Mweka Hazina wetu. Mimi jambo hilo hata sijalifikiria." Alisema hivyo mara nne kabla ya chai kuja, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama Mota alipendekeza apimwe. Katibu alikubali haraka kuliko walivyotarajia. Aliazima sufuria na mfuniko kwa mpika chai, akamsimamisha Mota akitazama dirisha, akasogea nyuma yake kwa kunyata, mtu mzima mwenye tai, akagonga. Mota alitazama dirisha. Akagonga tena, mpaka wanunuzi wa vitabu huko chini wakanyamaza. Mota alipiga miayo. Mara ya tatu Katibu alijikusanya, akarusha mikono yote miwili, mfuniko ukamponyoka, ukaanguka sakafuni. Mbao zilitetemeka. Mota aligeuka.

"Haya!" Katibu alisema. "Mmejionea."

"Sakafu imetikisika," Mama Mota alisema. "Hata mimi benchi limenirusha."

"Mama, tusilete hisia. Mimi naandika ninachokiona."

"Na zile mara mbili za kwanza hukuziona?"

"Zile zilikuwa za kupasha misuli moto."

Aliyasema hayo bila kutabasamu, kwa sababu hakuona kwamba kuna kichekesho. Kisha akatoa uamuzi. Orodha ya wasafiri ingetiwa saini na Mwenyekiti wa chama Ijumaa, saa sita mchana. Kabla ya hapo duka lililomponya Mota lije liseme halikumponya. Bila hivyo, nafasi inakwenda kwa wa pili.

"Mwenyekiti analijua jambo hili?" Mama Mota aliuliza.

"Ameshaarifiwa," alisema Katibu, na akamfanyia Mota ishara ya asante, ingawa aliyokusudia ilikuwa kwaheri.

*

Meneja aliwapokea wazazi dukani kwa furaha. Tangu lile jukwaa alikuwa ameuza vifaa kwa wazee wengi ambao watoto wao walikuwa wamechoka kupiga kelele mezani. Alisikiliza ombi lao hadi mwisho, na kila walipozidi kueleza alizidi kuacha kutabasamu.

"Kwa hiyo mnataka nikasimame mbele ya watu niseme bidhaa yangu haifanyi kazi?"

"Useme haifanyi kazi kwake," alisema Mama Mota. "Wengine waache waendelee kusikia."

"Mama, vifaa vinafanya kazi. Ni masikio yake ambayo hayatoi ushirikiano."

"Lakini siku ile kengele—" alianza Fundi Brashi.

"Siku ile aligeuka. Watu waliona." Meneja aliinama mbele, akapunguza sauti, japokuwa duka lilikuwa tupu. "Na tukianza kuulizana kwa nini aligeuka, Fundi, tutafika kwenye mguu. Ule mguu ulikuwa wangu?"

Mama Mota alimgeukia mumewe taratibu. "Mguu gani?"

Meneja alifungua droo, akaifunga. "Mimi si mtu mbaya. Kuta za matawi zipo, Fundi, zinakusubiri wewe. Binti naye si lazima aende na viziwi. Si aogelee na wanaosikia? Mtu amepandishwa daraja, mnalia nini?"

"Kwa wanaosikia anaingia majini wa saba," alisema Mama Mota. "Kwa sababu filimbi inalia naye yuko anatazama miguu ya jirani ajue imelia. Kwa viziwi kuna taa. Taa ikiwaka, anakwenda na wenzake. Baba Mota, mguu gani?"

*

Jioni hiyo chumba chao cha mbele kilijaa mvuke wa pasi. Mama Mota alikuwa amerudi na mashati ya wageni ya kumalizia, na aliyanyoosha kwa nguvu zisizohitajika. Makopo ya rangi yalipangwa chini ya meza. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi, amekunja miguu, kwa kuwa alijiona meneja wa jambo zima.

"Wifi, tuseme ukweli," alisema Shangazi. "Kuogelea ni nini? Ni kuoga mbele za watu. Kaka amepata kazi ya kuta mpaka azeeke. Mtoto amepata jina. Hata mwanamume anayetaka kuoa akipita pale kituoni anamwona alivyo."

"Anaona sikio," alisema Mama Mota.

"Na bora wamjue kama anayesikia! Kiziwi nani atamchukua?"

Mota alikuwa ameketi sakafuni akifuatilia midomo. Midomo ya Shangazi ilikuwa mikubwa na ilifunguka vizuri. Hakuna neno lililompita. Aliinuka, akasimama mbele ya baba yake, akaanza kusema kwa mikono. Alisema kwa kasi, na kwa muda mrefu.

Fundi Brashi alimtazama mkewe. "Anasemaje?"

Mama Mota aligeuza kola ya shati. "Muulize."

"Nimuulizeje? Si unitafsirie?"

"Siku ya jukwaa hukuhitaji mkalimani. Ulimwambia geuka, akageuka. Leo endelea naye hivyo hivyo."

"Wifi, huu sasa ni ukatili," alisema Shangazi.

"Wewe ndege wako wamelala? Nyamaza."

Mota alielewa. Alianza upya, polepole, kwa ishara kubwa, kama watu walivyozoea kumfanyia yeye. Alijionyesha. Akaziba masikio, akatikisa kichwa. Akachora maji kwa viganja, akayakata. Akaonyesha mstari wa watu, na kidole kimoja mbele yao. Baba yake alitikisa kichwa kukubali, hayo aliyajua. Kisha Mota aliinua mguu wake, akakanyaga sakafu, akamwelekezea kidole. Akainua brashi isiyokuwepo, akapaka ukuta usiokuwepo, akamwelekezea tena. Halafu akaupima mlango kwa macho, akajionyesha, akatoka, na akaufunga mlango huo usoni pake mwenyewe. Akabaki upande wa pili.

Fundi Brashi alikaa. Alimwambia mkewe, "Anasema nimemfungia nje."

"Anasema zaidi ya hapo. Lakini hilo umelipata."

Mota aliufungua mlango, akaongeza jambo moja, safari hii kwa kasi yake ya kawaida, na Mama Mota akacheka bila kutaka.

"Hilo je?"

"Anasema mkiwa chini ya maji ninyi nyote ni viziwi, tofauti ni kwamba ninyi mnazama."

Shangazi aliuliza kama chakula kimeiva.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Fundi Brashi alisimamisha ngazi kwenye ukuta wa kituo. Kituo kilikuwa kimejaa. Alipanda na kopo la rangi nyeupe, akaanza na sikio.

"Fundi, unaharibu!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye foleni.

"Mwache, analipunguza. Lilikuwa limezidi."

Alifuta sikio, akafuta maandishi, akauacha uso. Rangi ilipokauka kidogo alianza kuandika upya, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote, ule aliouweka kwa ajili ya mabenki, ambayo hayakuwa yamemwita. Mabasi mawili yalipita na watu hawakupanda, wakitaka kuona neno la mwisho. Aliandika: BINTI YANGU NI KIZIWI. MGUU ULIKUWA WANGU.

"Mguu gani sasa?" waliuliza, kwa sababu ukuta haukueleza.

Ikambidi aeleze, juu ya ngazi, brashi mkononi. Alieleza jukwaa, kengele na ubao. Alieleza kuta alizoahidiwa. Sauti yake haikuwa kubwa, kwa hiyo walimlazimisha kurudia, na kila aliporudia walicheka mahali pale pale, alipofika kwenye kukanyaga. Mmoja akamwomba aonyeshe. Alionyesha, ngazi ikayumba, wakacheka zaidi. Muuza nyanya peke yake hakucheka. "Basi nimemnunia mtoto wa watu bure," alisema, "na kununa kwenyewe kunachosha."

Pembeni ya umati alisimama mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Hakusikia vicheko wala maelezo. Aliusoma ukuta, akautazama uso uliochorwa, akamtazama mtu wa kwenye ngazi, kisha akavuka barabara kwa hatua za haraka. Alikuwa Mwenyekiti wa chama, kiziwi tangu utotoni, na alikuwa akienda kutia saini orodha.

Fundi Brashi hakumfahamu. Alishuka, akafunga kopo, akapeleka ngazi kwa kinyozi, akaenda ofisini bila kunawa. Mama Mota na Mota walikuwa wamemtangulia, wamekaa kwenye lile benchi, na Katibu alikuwa amewafanyia ishara ya subiri.

"Nimesema mwenyewe, mbele ya watu," Fundi Brashi alisema kwa kuhema. "Nimeandika. Nenda kasome."

"Ukuta si ushahidi," alisema Katibu.

"Jumatatu ulikuwa ushahidi," alisema Mama Mota.

"Jumatatu ulikuwa unalingana na taarifa nyingine. Mambo ya ofisi, mama, hayaendi kwa rangi."

Mlango wa ndani ulifunguka. Mwenyekiti alitoka na orodha mkononi, kalamu ikiwa bado imefungwa, akampita Katibu, akasimama mbele ya benchi. Hakuwahi kukutana na waogeleaji ila Katibu akiwa katikati. Alimsalimia Mota kwa ishara, Mota akasimama kwa heshima na kuitikia, na wakaanza kuzungumza. Mikono iliruka. Katibu alitazama mkono huu na ule, kama mtu anayefuatilia mpira ambao hajui sheria zake.

"Wanasemaje?" hatimaye alimnong'oneza Mama Mota.

Mama Mota alifikiri kidogo kama amjibu, akaona anastahili kujua. "Mwenyekiti anamuuliza kwa nini amejitoa. Anasema wewe ulimwandikia kwamba mtoto amepona na amejitoa mwenyewe kwa hiari."

"Palikuwa na kutoelewana katika mawasiliano."

"Mtoto anasema hajajitoa. Anamweleza habari ya sufuria." Alifuata mikono kwa macho. "Anamweleza na ile ya kupasha misuli."

Mwenyekiti alimgeukia Katibu. Alikunja ngumi ya kulia, akagonga nayo hewa mara mbili, kisha akafungua mkono wa kushoto na kuusubirisha.

"Hiyo ni nini?" Katibu aliuliza.

"Anaomba umwonyeshe ulivyogonga."

Katibu alisema kwamba muda unakwenda, kwamba saa sita inakaribia, kwamba kuna simu ya kupiga. Mwenyekiti hakuyasikia hayo, na hakuonekana kuyakosa. Aliketi ukingoni mwa benchi, akaweka orodha juu ya goti lake, akalikata jina moja, akaandika la Mota juu yake, na akatia saini.

*

Duka la vifaa vya kusikia lilibandika ukutani tangazo la kuchapwa, lenye mtoto wa nchi nyingine, ambaye hakuna aliyeweza kumuuliza lolote. Meneja alihamishiwa tawi kubwa zaidi. Kuta za matawi zilipewa mwenye mashine. Fundi Brashi alirudi kuchora magari ya maji na milango ya vinyozi, na jioni alikaa na binti yake kujifunza ishara. Mtihani wa kwanza alifeli, wa pili akaomba uahirishwe. Shangazi aliacha kuja kwa wiki tatu, kisha akaja, akasema alijua tangu mwanzo kwamba yule Meneja ni tapeli. Mweka Hazina alijiuzulu kwa hasira, akarudi Jumatano. Katibu alisafiri na timu kama mkuu wa msafara. Nafasi ya kocha haikupatikana. Mwenyekiti aliagiza kwamba kuanzia hapo simu za chama zijibiwe kwa maandishi, na Katibu akaomba apewe muda wa kuzoea. Mama Mota aliomba likizo, ya kwanza katika maisha yake ya hoteli, akapewa siku nne.

Mota aliogelea fainali akawa wa nne. Alirudi nyumbani Jumapili, akalala mpaka mchana, akamkabidhi mama yake taulo na nguo za kuogelea afue. Mama Mota alimwambia kwa ishara kwamba yuko likizo, na Mota akazifua mwenyewe.